Maafa kijijini: kazi ya kamati au ya chama cha kuzikana?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Hata hivyo, majina ya wajumbe yanaweza kukaa miaka kwenye jalada la mtendaji bila mwanakijiji wa kawaida kujua akimbilie wapi mto unapofurika usiku. Wakati huohuo, katika vitongoji vingi vya Iringa na Mbeya kipo chama cha kuzikana chenye daftari la wanachama, mweka hazina, masufuria na maturubai, ambacho kikipata taarifa ya msiba huwakusanya watu kabla jua halijapanda. Basi ni nani kati ya hawa wawili akabidhiwe kazi ya kuwaandaa majirani kwa dharura?

Wanaokipendelea chama wana hoja nzito, kwa kuwa saa za kwanza za maafa huwa mikononi mwa jirani. Tope la Mlima Kawetere liliposhuka Itezi mwezi Aprili 2024 na kufukia nyumba, tukio hilo lilikuwa ndani ya Jiji la Mbeya, karibu na ofisi za mkoa. Kijiji cha Halmashauri ya Busokelo, mkoani humohumo, kilicho mwisho wa barabara ya udongo, ambayo mvua ileile inaweza kuikata, hakina bahati hiyo, na namba 114 ya Zimamoto haisaidii pasipo na mtandao wa simu. Anayejua kwamba bibi fulani hawezi kutembea, au kwamba nyumba ya tatu kuna mzazi wa juzi, ni wale kinamama wanaopokezana zamu za kupika misibani. Tena chama kimekwisha kuwazoesha watu nidhamu: asiyefika hulipa faini, na faini hiyo hulipwa kweli.

Lakini chama ni cha wanachama. Kibarua wa mashamba ya chai aliyehamia mwaka huu, mpasua mbao anayelala kambini, mjane aliyeshindwa kulipa ada, wote hawamo daftarini, nao ndio mara nyingi hupanga au kujenga penye ardhi ya bei nafuu, bondeni au chini ya mteremko. Fedha nazo zilichangwa kwa ajili ya sanda na jeneza. Mwenyekiti atakayezitoa kununulia kamba na tochi ajiandae kwa mkutano mrefu.

Kasoro kubwa zaidi ni ya mamlaka, na inaonekana wazi kwenye moto kuliko kwenye mafuriko. Mufindi, wakati wa kiangazi, wakulima huchoma majani ili kuandaa mashamba kabla ya mvua za Novemba, na pembeni mwa mashamba hayo ipo miti ya paina na mikaratusi. Sehemu ya miti hiyo ni ya wanakijiji, sehemu ni ya watu wanaoishi Iringa mjini au Dar es Salaam na kumwachia mlinzi mmoja mamia ya ekari. Moto ukizuka, wanaokwenda na matawi mabichi, majembe na mapanga ni wanakijiji. Je, ni haki kumtoza faini mtu mwenye robo ekari kwa kutokwenda kuokoa msitu wa tajiri ambaye hajawahi kufyeka njia ya kuzuia moto kwenye mpaka wake? Binafsi naona si haki. Lakini wanaosema kila mtu aende nao hawakosei, kwa kuwa moto hauulizi mpaka, na upande wa pili wa shamba la tajiri huenda kuna miti ya mzee anayeitegemea kusomesha wajukuu.

Chama cha kuzikana hakiwezi kuumaliza mgogoro huo. Halmashauri ya kijiji inaweza, maana Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inairuhusu kutunga sheria ndogo: mwenye shamba, awepo asiwepo, afyeke mpaka wake na achangie vifaa, anayetaka kuchoma aombe kibali na awaarifu majirani, siku ya upepo mkali asichome mtu.

Kwa hiyo naegemea upande huu: amri na adhabu zibaki kwa serikali ya kijiji kupitia kamati yake, kuwaita watu, kuwabeba wasiojiweza na kutunza vifaa kukabidhiwe vyama vya kuzikana. Wapo wanaopendekeza mabalozi wa nyumba kumi, lakini mfumo huo leo ni wa chama cha siasa, na mwenye kadi nyingine hatakuwa mwepesi kuutii. Wala kamati isijidai kwamba yenyewe inaweza kuwaita watu. Mbiu ya kijiji imelia mara nyingi kwa ajili ya michango hivi kwamba wapo wanaoisikia wakajifungia ndani.

Hatari ya mpango huu ni kwamba serikali ya kijiji itaanza kukiongoza chama, na siku watu watakapokiona kama tawi la ofisi ya mtendaji wataacha kulipa ada. Ndiyo maana makubaliano yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, yaandikwe, na yaseme wazi kwamba mfuko wa misiba hauguswi, bali vifaa vya dharura vinunuliwe kwa fedha za kijiji na za wenye mashamba makubwa. Orodha ya wasio wanachama, yaani vibarua, wapangaji na wageni, aitunze mwenyekiti wa kitongoji, naye aipitie mara mbili kwa mwaka: kiangazi kinapoanza, kabla ya moto, na mwezi Novemba, kabla mito haijajaa.