Vampaya wa Ngara, au Mumiani?

Majuzi nilikesha katika chumba kimoja cha Ngara, Nairobi, nikimtazama mpwa wangu na wenzake wanne wa chuo wakipiga filamu ya vampaya. Pesa walichanga wenyewe, kamera ni simu, taa za kuazima. Damu waliipika jikoni: sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, na kakao kidogo isije ikang'aa kama bendera. Damu ile ilinitisha kweli. Meno hayakunitisha. Yalikuwa ya plastiki, na kijana aliyeyavaa kila alipotamka neno alitema mate.

Tukabishana. Kwa nini vampaya wa joho, na sisi tuna mumiani, yule mtoa damu wa masimulizi yetu?

"Anko, vampaya haelezwi," mpwa wangu alijibu, na hoja yake ina uzito. Mtazamaji popote alipo anajua tayari kwamba jua humuua na kwamba haingii nyumbani asipokaribishwa. Filamu fupi haina dakika za kupoteza kwa maelezo. Wala hakuna wa kuwadai haki: filamu ya Nosferatu, iliyoiga riwaya ya Dracula bila ruhusa, ilipotoka mwaka 1922, mjane wa mwandishi wake Bram Stoker alishtaki na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe, lakini leo riwaya hiyo ya 1897 ni ya kila mtu. Tena lile sharti la kukaribishwa linakaa kwetu kama limezaliwa hapa. Mtu anapiga hodi usiku, na adabu yote uliyolelewa nayo inakusukuma useme karibu.

Mimi bado navutwa na mumiani. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi walisimuliana kwamba wazimamoto hukamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi kama hayo katika kitabu cha mwaka 2000. Hofu hiyo haihitaji meno. Gari linapunguza mwendo kando ya barabara, mlango unafunguliwa, basi. Mumiani ni mtu wa kawaida, anafanya kazi alipwe. Wanafunzi watano wanadaiwa kodi ya chumba, mmoja wao anaanza kuwa na pesa asizoweza kuzieleza: hiyo ni filamu tayari, na haimalizi mfuko.

Ila kuna hatari ambayo vampaya wa joho hana. Mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu kusini mwa Malawi ulifanya makundi ya watu kuua watu, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya wilaya. Kipande cha filamu kinachoonyesha ambulensi ya mumiani, kikisambazwa kwa simu bila jina wala mwanzo, kinaweza kumponza muuguzi asiye na hatia. Kuirudisha hadithi enzi za ukoloni kungepunguza hatari hiyo, lakini magari na mavazi ya wakati ule hayapatikani kwa mchango wa wanafunzi. Ushauri wangu ni kwamba wamchukue mumiani, wamvue sare, wamwache awe rafiki yao tu.

Saa nane usiku yule kijana alivua meno anywe maji. Akasimama mlangoni, gilasi mkononi, akauliza kwa sauti yake ya kila siku, "Nani bado hajalipa kodi?"

Wote wakanyamaza. Simu ilikuwa kwenye chaji.