Cis au trans kwenye kiti cha sikloheksani: jedwali au juu na chini?

Anayesoma kemia ogania, awe Chuo Kikuu cha Maseno au cha Egerton pale Njoro, Kenya, halikwepi swali hili: umechorewa sikloheksani (pete ya kaboni sita) yenye umbo la kiti, ina methili (vikundi vya CH3) mbili, sema kama ni cis, yaani zote upande mmoja wa pete, au trans, yaani pande tofauti. Wapo wanaokariri jedwali. Kwenye 1,2 na 1,4 (namba za kaboni zilizobeba vikundi), zote zikiwa ekwatoriali, yaani zimeelekea pembeni mwa pete, au zote aksiali, yaani zimesimama wima juu au chini, ni trans. Zikitofautiana, ni cis. Kwenye 1,3 mambo ni kinyume. Wengine huuliza kila kaboni swali moja tu: kikundi kimeshika kiungo cha juu au cha chini? Upande mmoja ni cis, pande mbili ni trans.

Jedwali si la kubezwa. Viungo vya ekwatoriali huinama kidogo tu, na mkono ukiteleza cha juu huonekana cha chini; hapo jedwali humwokoa mwenye mchoro mbovu. Tena linamsogeza haraka kwenye suala la uthabiti, yaani umbo lipi molekuli hulipendelea. Methili moja kukaa aksiali hugharimu takriban kilojuli 7 kwa moli, ndiyo sababu katika joto la kawaida karibu 95% ya molekuli za methilisikloheksani huwa nayo ekwatoriali. Trans-1,2 inaweza kuziweka methili zote mbili ekwatoriali. Cis-1,2 haiwezi.

Taabu huanza jedwali linapofundishwa kwanza. Mwanafunzi huamini kwamba aksiali na ekwatoriali ndiyo maana yenyewe ya cis na trans. Pete ikipinduka, yaani kiti kimoja kikijikunja kuwa kiti kingine, kila aksiali huwa ekwatoriali, naye anaandika kwamba cis imegeuka trans. Haigeuki ng'o! Cha juu hubaki juu; kukihamisha lazima kiungo kikatwe. Na cis na trans za pete zilijulikana kabla wanakemia hawajakikubali kiti, kazi ambayo Hassel na Barton walituzwa Nobel mwaka 1969.

Chukua sukari ya miwa ya Muhoroni na Chemelil. Nusu ya sukrosi ni glukosi, pete ya kiti yenye oksijeni mahali pa kaboni moja, na kanuni ni ile ile. Ichore kwa mtindo wa kawaida. Haidroksili (vikundi vya OH) za kaboni ya 2, 3 na 4 zote ni ekwatoriali, zimetandazwa pembeni, na jicho linadai ziko upande mmoja. Zifuate moja moja: ya 2 chini, ya 3 juu, ya 4 chini. Majirani ni trans. Ya 2 na ya 4 ni cis. Kwenye kaboni ya 1, fruktosi imeungwa kwa kiungo cha aksiali kinachoshuka chini, na jirani yake wa 2, ingawa ni ekwatoriali, naye yuko chini. Hao ni cis.

Kwa hiyo nasimama na juu na chini. Mwanafunzi aandike J au C kando ya kila kikundi kabla ya kutaja jina lolote, kisha jedwali limhakikishie. Mchoro ukimshinda, vijiti vya meno na plastisini vinatosha kuunda kiti cha kushika mkononi. Wanaotunga mitihani nao watenganishe maksi: moja ya uhusiano, nyingine ya uthabiti. Mpe mwanafunzi cis-1,4 yenye methili na tert-butili, kikundi kinene cha kaboni nne. Jedwali litamwambia kimoja ni aksiali, lakini halitamwambia ni kipi. Ni methili, kwa kuwa tert-butili ni kubwa mno kubanwa na haidrojeni za aksiali za upande wake.