Mbunge Tunamchagua Atufanyie Nini?

Mkenya anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura katika nchi mbili, lakini haki hizo hazifanani. Kwa kuwa Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, sheria ya Uingereza inamruhusu kujiandikisha na kumchagua mbunge na diwani wa mahali anapoishi, hata kama hajachukua uraia wa huku. Kwa upande wa nyumbani, katika uchaguzi wa mwaka 2022 aliruhusiwa kumchagua rais peke yake, katika kituo kilichowekwa London. Kwa hiyo mimi, mzaliwa wa Pwani ninayeishi Yorkshire, huku ninamchagua mbunge bila kuwa na kura ya kumchagua waziri mkuu, kwa sababu waziri mkuu hupatikana kwa wingi wa wabunge na hapigiwi kura na nchi nzima. Kwetu mambo yamegeuka: rais naweza kumchagua, lakini mbunge anayepitisha kodi anayotozwa mama yangu dukani huchaguliwa bila mimi.

Kuishi kati ya haki hizo mbili kumenifanya nijiulize mara kwa mara mbunge ni wa kazi gani hasa. Maoni yangu ni kwamba nyumbani tumemgeuza mbunge kuwa mlipaji wa karo, dawa na mazishi, na kwa kufanya hivyo tumemwachilia huru asifanye kazi aliyopewa na Katiba. Sisemi kwamba Waingereza ni watu bora kuliko sisi. Wanatarajia jambo jingine kutoka kwa mbunge wao, na sheria zao zinawasaidia kulitarajia.

Jumamosi moja nilimsindikiza jirani yangu, mama wa watoto wawili, kwenda kuonana na mbunge wetu. Nyumba anayopanga ilikuwa imeota ukungu mweusi ukutani, mtoto mdogo alikuwa akikohoa usiku kucha, na barua zake kwa shirika lenye nyumba zilikuwa hazijibiwi. Alikuwa ameomba miadi kwa simu, na mahali pa kukutana alielezwa baada tu ya miadi kuthibitishwa. Tahadhari hiyo ina sababu ya kusikitisha. Mwezi Juni 2016 mbunge Jo Cox aliuawa Birstall, huku huku Yorkshire, alipokuwa akienda kuwasikiliza wapiga kura wake katika maktaba, na mwezi Oktoba 2021 mbunge mwingine, Sir David Amess, aliuawa ndani ya kanisa moja huko Leigh-on-Sea alipokuwa akifanya kazi hiyohiyo. Pamoja na hayo, wabunge hawakuacha desturi ya kukaa chumba kimoja na mwananchi na kumsikiliza.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa: meza mbili, viti vya plastiki, na msaidizi mwenye kompyuta. Swali la kwanza lilikuwa jina na msimbo wa posta, kwa maana mbunge hushughulikia mambo ya wakazi wa jimbo lake na kwa desturi haingilii ya jimbo la mwenzake. Hakuna aliyeuliza jirani yangu ni wa chama gani wala alimpigia nani kura. Msaidizi aliandika tarehe za zile barua moja baada ya nyingine, na mbunge akaahidi kumwandikia mkuu wa shirika husika na kudai jibu la maandishi. Hakutoa hata senti moja, na jirani yangu hakuja kuomba senti. Kabla ya kuinuka, mama yule alimwuliza mbunge kwa nini mwezi Septemba 2024 aliunga mkono kupunguzwa kwa ile ruzuku ya kupasha nyumba joto ambayo wazee walikuwa wakilipwa kila majira ya baridi. Mbunge alieleza sababu zake kwa utulivu, naye jirani yangu akamwambia wazi kwamba hakuridhika.

Jambo hilo la ruzuku linaeleza uwakilishi kuliko kitabu chochote cha uraia nilichosomeshwa shuleni. Ruzuku ilikuwa pauni 200 au 300 kwa kaya, na uamuzi wa kuiondoa kwa wazee wengi ulipita bungeni kwa sababu chama tawala kilikuwa na wabunge wengi. Lakini swali aliloulizwa mbunge wetu liliulizwa kote nchini, katika vyumba kama kile, katika barua, na milangoni wakati wa kampeni za madiwani za Mei 2025. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali ikalegeza msimamo na kuirudisha ruzuku kwa wazee wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Hakukuwa na uchaguzi mkuu. Kulikuwa na wabunge waliochoka kulijibu swali moja kila Jumamosi, wakalipeleka kwa viongozi wao.

Nikiwa likizoni nyumbani nilipita pia katika ofisi ya mbunge wetu. Chini ya mwembe kulikuwa na mabenchi yaliyojaa watu tangu alfajiri. Wazazi walikuwa wameshika fomu za basari zilizogongwa muhuri wa chifu na wa shule, mzee mmoja alikuwa na bili ya hospitali iliyokunjwa mara nne mfukoni, vijana wa timu ya mpira walikuwa wakifuatilia jezi, na kina mama wawili walikuja kwa ajili ya mchango wa matanga. Niliongea na watu kadhaa, wala sikumkuta aliyekuja kuuliza juu ya mswada wowote. Kijana mmoja aliniambia kwamba mheshimiwa wa sasa ni mzuri kwa sababu anashika simu na anatoa, tofauti na yule aliyemtangulia.

Siwalaumu waliokaa chini ya mwembe ule. Karo ni karo, na mtoto aliyefukuzwa shule hawezi kungojea nadharia za uwakilishi. Ninaloliona ni kwamba mpangilio wenyewe umewafundisha watu kumpima mbunge kwa kipimo kisicho chake. Tangu mwaka 2003 tumekuwa na mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao hutengewa angalau asilimia 2.5 ya sehemu ya serikali kuu katika mapato ya taifa, na ingawa kisheria mbunge si msimamizi wake wa kila siku, hakuna mwananchi asiyemhesabu kuwa ndiye mtoaji. Katiba inamtaka mbunge asimamie matumizi ya serikali, lakini sisi tumempa mkaguzi ufunguo wa ghala. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 kwa uamuzi wake wa Agosti 2022, na mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu nayo ikasema kwamba sheria iliyoirithi, ya mwaka 2015, inakwenda kinyume cha Katiba. Majaji walitazama mgawanyo wa mamlaka. Mimi naongeza hasara nyingine, kwamba mfuko huo unamfanya mpiga kura awe mwombaji mbele ya mtu aliyemwajiri mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa maandishi Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mwananchi mengi kuliko anayopewa Mwingereza, ambaye hana hata katiba iliyoandikwa katika hati moja. Ibara ya kwanza inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, na kwamba wanaweza kuyatumia wao wenyewe au kupitia wawakilishi waliowachagua. Ibara ya 118 inalilazimisha Bunge kufanya kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Huku Uingereza ombi la mtandaoni huhitaji sahihi 10,000 ndipo serikali iwajibike kulijibu, na 100,000 ndipo lifikiriwe kujadiliwa bungeni. Kwetu mtu mmoja mwenye kalamu anaweza kuwasilisha lake. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuandika?

Mwaka 2024 tulionyesha kwamba tunaweza. Mswada wa Fedha ulipochapishwa, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha nyingine, wakaueleza kwa video fupi ambazo hata nyanya zetu walizielewa. Watu walijua kwamba mkate ungetozwa kodi ya asilimia 16 kabla wabunge wengi hawajaufungua mswada, na pendekezo hilo likaondolewa hata kabla ya kura. Wananchi waliwatumia wabunge wao ujumbe wa simu kwa maelfu, wakiwauliza jambo moja tu, watapiga kura gani. Pamoja na hayo, tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106 walioupinga, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikalia, na siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya miezi ile. Damu hiyo ilimwagika kwa sababu njia ya kawaida, ile ya mwananchi kusema na mbunge akasikia, iliziba. Mbunge aliyezoea kuulizwa juu ya jezi na basari hana mazoea ya kuulizwa juu ya kodi, na alipoulizwa kwa mara ya kwanza, wengi walilichukua swali kuwa ni matusi.

Kuhusu kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kuisha, tofauti iko wazi. Tangu sheria ya mwaka 2015, mbunge wa Uingereza anayefungwa jela, au anayesimamishwa na Bunge kwa siku kumi za vikao au zaidi, huweza kupoteza kiti iwapo asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo lake watatia sahihi katika muda wa wiki sita. Wakazi wa Peterborough walikuwa wa kwanza kufanikiwa, mwaka 2019, kwa sahihi zilizozidi robo ya wapiga kura wote. Mwaka mmoja kabla, huko North Antrim, Ireland ya Kaskazini, sahihi hazikufika kiwango na mbunge akabaki. Kwetu Ibara ya 104 inatoa haki hiyo kwa maneno mafupi na mazuri, lakini sheria iliyotungwa na wabunge wenyewe ilidai sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura pamoja na masharti mengine mengi, hata Mahakama Kuu ikavitangaza baadhi ya vifungu vyake kuwa batili mwaka 2017. Hadi leo hakuna mbunge wa Kenya aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Huku nako si peponi. Katika uchaguzi mkuu wa 2024 ni watu wapatao sita tu kati ya kila kumi walioandikishwa waliojitokeza, na chama kilichopata theluthi moja ya kura kilitwaa karibu theluthi mbili ya viti 650. Jirani zangu wengi hawalijui jina la diwani wao. Swali la kama mbunge afuate anachotaka mpiga kura au dhamiri yake bado halijapata jibu la mwisho, ingawa ni la tangu zamani: mwaka 1774 Edmund Burke, mbunge mpya wa Bristol, aliwaambia watu wa mji huo kwamba mbunge anadaiwa nao uamuzi wake wa busara, wala si bidii yake peke yake, na kufika mwaka 1780 alijiondoa katika kinyang'anyiro alipoona kwamba hawatamrudisha. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Mbunge aseme anachoamini na akieleze, na mpiga kura asikilize, apime, kisha amrudishe au amwache. Kisichokubalika ni mbunge kupiga kura kwa amri ya chama huku akijificha nyuma ya mfuko wa basari.

Sisi tulio ng'ambo tuna sehemu yetu katika jambo hili. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani fedha zinazokaribia dola bilioni 5, ilhali katika uchaguzi wa 2022 walioandikishwa kupiga kura nje ya nchi walikuwa 10,443 tu, katika nchi 12. Umbali wa vituo ni kikwazo cha kweli, kwani mtu wa Glasgow au Cardiff hana wepesi wa kuacha kazi siku ya Jumanne na kusafiri hadi London, na ni haki yetu kudai vituo zaidi kabla ya Agosti 2027. Lakini mkono unaotuma karo, unaochangia paa la madrasa na jenereta la zahanati, una sauti hata pasipo karatasi ya kura, na mara nyingi tumeutumia kimyakimya, tukiziba pengo ambalo serikali ilipaswa kuulizwa kwa nini lipo.

Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge la Taifa zimewekwa wazi mtandaoni, na kura zinapopigwa kwa majina huonyesha nani alisema ndiyo na nani alisema la. Mwaliko wa harambee utakaofuata ukitufikia katika kundi letu la watu wa Pwani walioko Uingereza, ningependa tuchange kama kawaida yetu, na pamoja na mchango tupeleke barua yenye majina yetu na vijiji tulikotoka, inayomwuliza mheshimiwa alipigaje kura katika Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na kwa sababu gani.