Hoteli kuukuu za katikati ya Moshi: kosa ni la jengo au la chumba?

Lawama dhidi ya hoteli ndogo za zamani katikati ya Moshi ni zilezile: kelele, joto, maji ya kudondoka. Aliyechoka nazo huhamia Shanty Town, mtaa wenye miti mingi nje ya katikati ya mji, na huko analala vizuri kweli. Ila kila akitaka soko au stendi anaita bodaboda, wakati mwenzake wa mjini anavuka barabara na begi lake mkononi.

Mji huu ulikua kuzunguka reli ya kutoka Tanga iliyofika 1911, na majengo yake ya zamani hayakutegemea kiyoyozi. Kuta ni nene, dari iko juu, baraza inakinga jua. Chumba cha ghorofa ya kati chenye kitundu cha hewa juu ya mlango hupoa mapema jioni. Cha juu kabisa, chini ya bati, ni tanuri hadi usiku. Na hicho ndicho wageni wanachokililia, eti wauone Mlima Kilimanjaro! Mlima uko kaskazini. Hata dirisha la ghorofa ya kati likielekea huko, pasipo jengo mbele, linatosha.

Chumba hichohicho cha juu ndicho chenye shida ya maji, na hapa ndipo jengo husingiziwa zaidi. Tangi la juu ya paa halina nguvu yoyote isipokuwa kimo chake: kila mita 1 kutoka usawa wa maji hadi bomba la mvua huleta msukumo wa takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha msukumo). Bafu lililo mita 2 chini ya tangi linapata baa 0.2, la ghorofa mbili chini, mita 8, linapata 0.8. Zaidi ya hayo, mabomba ya chuma ya zamani huota kutu ndani hadi tundu la nusu inchi linabaki jembamba kama kalamu. Hita ya umeme ya bafuni haiwaki mpaka maji yaisukume swichi yake. Kwa hiyo mgeni wa juu anaoga maji baridi, analaumu umeme, na fundi anabadilisha hita nzima bure. Dawa ni pampu ndogo kwenye njia ya vyumba vya juu, au kung'oa chuma na kuweka plastiki. Mgeni yeye afungue bomba la sinki na la mvua kwa pamoja kabla ya kulipa. La mvua likikata, aombe chumba cha chini.

Kelele zipo, hakuna ubishi: adhana ya alfajiri, kisha honi za mabasi. Lakini hazipenyi ukutani, zinapita kwenye vioo vya luva, vile vipande vilivyopangwa dirishani kama ngazi, ambavyo havifungi vikakaza. Chumba kinachotazama ua wa ndani kinamaliza sehemu kubwa ya shida hiyo, na mara nyingi hakina wa kukigombania.

Ngazi bila lifti ni adhabu kwa aliyeshuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na magoti yanamuuma, na maegesho karibu hakuna. Hayo yanavumilika. Nondo za dirishani zisizofunguka kwa ndani, kwenye jengo lenye ngazi moja ya mbao, hazivumiliki: moto ukianzia chini, wa juu hana pa kutokea. Ukiziona, rudisha ufunguo mapokezi, hata kama maji yanatoka kwa kishindo.