Mzizi wa Kilatini unasingiziwa

Wapo walimu wa Kiingereza wanaomwambia mwanafunzi asipoteze muda na mizizi ya Kilatini. Neno, wanasema, hujifunzwa kwa kulisikia na kulitumia, na maana ya leo imekwisha achana na ile ya kale. Wanataja "nice", lililotokana na nescius, yaani asiyejua, na leo husifia kitu kizuri. Ukifuata mzizi hapo utapotea. Nakubali kabisa.

Lakini kwa maneno ya aina hiyo, mizizi mingine yote inahukumiwa bila kusikilizwa. Tazama scribere, "kuandika", ambalo kwenye Kiingereza limeacha mashina mawili, scrib na script. Manus ni mkono, basi "manuscript" ni kilichoandikwa kwa mkono. Post ni baada, na ile P.S. ya mwisho wa barua ni "postscript", kilichoandikwa baadaye. Sub ni chini: "subscribe", neno ambalo watu hulibonyeza kila siku kwenye simu, lilikuwa kuandika jina lako chini ya waraka kuonyesha umekubali. Ukishaliona hivyo, hulisahau.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa wepesi zaidi hapa. Kitabu, katibu, maktaba na katiba vyote vimetoka kwenye k-t-b ya Kiarabu, nayo pia ni kuandika. Na nani hajui kwamba andika, mwandishi na maandishi ni ndugu? Kushika shina na kusikiliza kiambishi ni kazi tunayoifanya tangu utotoni.

Pingamizi zito kuliko yote ni "inflammable". In- ya "invisible" inakanusha, kwa hiyo mtu anaweza kulisoma neno hilo kwenye tangi la mafuta akadhani kilichomo hakishiki moto, kumbe kinawaka upesi. Ndiyo maana katika karne ya 20 watu wa usalama walihimiza "flammable" liandikwe badala yake, na walifanya vyema, maana kosa hapo ni la roho ya mtu. Ila nimelitafakari sana neno hili na sioni kwamba mzizi ndio wenye hatia. Kilatini kina in- mbili: moja ya kukanusha, nyingine ya kuingiza, kama ile ya "inject". Inflammare ni kuwasha moto. Anayekosea ni yule aliyefundishwa in- moja tu akaachiwa hapo. Dawa yake ni kumfundisha na ya pili.

Tena kuna yanayofanana bila undugu: ped ya "pedal" ni mguu wa Kilatini, ya "pediatrics" ni mtoto wa Kigiriki. Kwa hiyo mzizi hukupa kisio, na sentensi yenyewe ndiyo inayothibitisha. Kwa anayekutana na neno geni katikati ya mtihani, bila kamusi, kisio chenye msingi ni mali kubwa.

Hata tahajia hunufaika. Zamani neno "debt", yaani deni, Waingereza waliliandika "dette", jinsi walivyolipokea kutoka Kifaransa. Baadaye wasomi wakaichomeka b ili neno lifanane na debitum ya Kilatini, na mpaka leo haitamkwi. Mwanafunzi anayejua "debit" ya benki hahitaji kuikariri b ya "debt", anaiona ilikotoka.