Pesa ya Kwanza ya STI Iende Chini ya Boneti

Aliyenunua Subaru Impreza WRX STI asiguse ekzosi, wala filta ya wazi, wala ile vali ya kupiga "pshh", mpaka amalizane na oili, mkanda wa taiming, breki na matairi. Najua wengi watanuna. Kwetu utaratibu huwa kinyume: gari linatoka bandarini, wiki ya pili sailensa imekatwa, na kabla mwaka haujaisha injini imegonga, gari liko juu ya breakdown, na mwenyewe anamtukana Mjapani.

Mapenzi yenyewe hayana ubaya, na yana historia. Mwaka 1993 dereva Mkenya Patrick Njiru aliifikisha Subaru Vivio mwisho wa Safari Rally, kigari cha kubebea nyanya. Colin McRae akaja kushinda Safari na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000. Ila magari yale yalikuwa na kikosi kizima cha mafundi wakiyafungua na kuyafunga kila mara. La kwako hufunguliwa likishakufa.

Tuanze na kununua, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Kwa magari yaliyouzwa soko la Japani kati ya 2000 na 2007, herufi za mwanzo za namba ya chasisi ndizo zinazosema ukweli: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. Kizazi kilichofuata, GRB ni hachibeki na GVB ni saluni, kisha VAB ndiyo ya mwisho. Beji ya pinki ya STI inauzwa dukani, na bawa la nyuma pia. STI ya GDB ina giaboksi ya gia 6 na breki za Brembo za pistoni 4 mbele na 2 nyuma. Ukiona rangi ya dhahabu kwenye kalipa ya pistoni moja, ujue umeletewa sanaa. Kenya, kwa vile hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, GDB zote ziko nchini zamani na zimepita mikono mingi. Tanzania bado unaweza kuagiza, ukilipa ushuru wa ziada wa uchakavu.

Kipimo ambacho sikubali kisifanyike ni cha kompreshani, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Injini iwe imeshapata moto, plagi zote 4 zitolewe, umeme wa injekta na koili ukatwe, mguu ukanyage mafuta mpaka chini, kisha stata izungushwe mpaka sindano ya geji itulie. Kiwango cha kiwandani cha EJ20 ya turbo, injini ya STI za Japani, ni kama psi 140 hadi 170, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, hivyo geji ileile itasoma kama 115 hadi 140 kwa injini nzima kabisa. Watu wamekataa magari mazuri kwa kutolijua hilo, na wengine wakauziwa mabovu Mombasa kwa sababu "120 inatosha, hata Nairobi ndiyo hiyo". Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi psi 7 hivi, uliza maswali, hasa kama iliyo chini ni namba 4. Hiyo iko nyuma karibu na ukuta wa kabini, hupata joto kuliko wenzake, na ndiyo mara nyingi hutangulia kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Sasa oili, na hapa sitaharakisha.

EJ20 inachukua kati ya lita 4 na 4.5 kulingana na mwaka wake, na kutoka alama ya chini ya dipstiki hadi ya juu ni kama lita moja. Maana yake, ukiona oili iko kwenye alama ya chini, karibu robo ya oili yote imekwenda. Injini hii imelala ubavu kushoto na kulia, oili huchelewa kurudi kwenye sampu, na kwenye kona ndefu husogea upande mmoja. Pampu ikivuta hewa kwa sekunde mbili tu huku uko rpm 6,000, beringi za koni rodi (mikono inayounganisha pistoni na krankishafti) zimeshakwisha. Pima asubuhi gari likiwa limepoa, mahali tambarare, na usome pande zote mbili za dipstiki. Mara nyingi upande mmoja unadanganya kwa sababu oili imejipaka ukuta wa bomba, kwa hiyo upande unaosoma chini ndio wa kuaminiwa. Fanya hivyo kila unapojaza tangi. Turbo hunywa oili kidogo, hilo ni kawaida. Kutojua imekunywa kiasi gani ndiko kunakoua.

Kwa joto letu napendelea 5W-40 ya sintetiki kamili, ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Wapo wanaotaka kwenda 10,000 kwa sababu kopo limeandikwa hivyo. Kopo halijui kwamba unakaa foleni ya Thika Road saa nzima kisha unaibana mpaka rpm 7,000. Na ukishamwaga oili, usiitupe filta kuukuu. Ikate, ukunjue ile karatasi na uitazame juani. Vumbi linalometameta rangi ya fedha au shaba ni beringi inakwisha. Sumaku haitakusaidia hapo, kwa kuwa tabaka la beringi linalolika si chuma cha kuvutwa na sumaku.

Kifaa cha kwanza cha kuongeza kwenye gari hili ni geji ya presha ya oili. Taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshashuka hadi karibu bar 0.15, na wakati huo inakupa taarifa ya msiba. Oili ikiwa moto, unatakiwa uone angalau bar 1 injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na angalau bar 3 ukifika rpm 5,000. Ikianza kushuka kidogokidogo wiki hadi wiki, una muda wa kufungua sampu kabla ya mambo kuharibika. Fundi akifunga sensa, asiichomeke juu ya kiungo cha shaba chenye umbo la T moja kwa moja kwenye bloku. Mtikisiko wa injini hukivunja, na oili yote inamwagika juu ya ekzosi ya moto. Atumie hozi nyumbufu na kuifunga sensa kwenye bodi. Tena uzi wa tundu lile ni BSPT 1/8, huku viungo vingi vinavyouzwa ni NPT, uzi wa kiwango kingine. Vinaingia mizunguko michache, vinakaza, na kila mtu anaridhika mpaka vianze kuvuja.

Ukishafungua sampu kwa sababu yoyote, badilisha na bomba la kuvutia oili. La kiwandani lina tabia ya kupasuka ufa mwembamba kwenye kiungo chake, likaanza kuvuta hewa. Ufa wenyewe kwa macho hauonekani vizuri. Angalia pia vichujio vidogo vya wavu vilivyofichwa ndani ya boliti za mabomba ya oili: vikiziba, turbo inakauka. Turbo mpya kufungwa bila kuvikagua ni hasara ya mara mbili.

Petroli. STI ya Japani ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa kawaida ni oktani 98 hadi 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili presha bila kulipuka mapema). Pampu nyingi za kwetu hata haziandiki oktani. Petroli dhaifu ndani ya silinda yenye presha kubwa hulipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ina sensa ya kusikia ugongaji huo na itajitahidi kurudisha nyuma taiming ya cheche, lakini inarekebisha baada ya kosa kutokea, na kingo za pistoni za kiwandani hazina uvumilivu. Vile vichupa vya kuongeza oktani visikudanganye: "pointi 30" zilizoandikwa mara nyingi ni oktani 3, pengine pungufu. Dawa ya kweli ni kurekebisha ramani ya kompyuta, yaani hesabu zake za petroli, cheche na presha ya turbo, kwa petroli unayoipata kila siku, ukubali kupoteza nguvu kidogo. Na kama ramani imerekebishwa Nairobi, gari liangaliwe upya kabla ya kuteremka pwani. Huku juu turbo inazunguka kwa nguvu zaidi kufikia presha ileile. Ukishuka Mombasa ambako hewa ni nzito, mpangilio uleule wa vali ya turbo unaweza kurusha presha kupita lengo. Kilomita karibu 500 za barabara kuu, malori ya kupita, mguu chini: hapo ndipo injini nyingi "zilizokuwa sawa kabisa" hugonga.

Kuhusu kelele, niseme kilicho moyoni. Ule mngurumo wa Subaru unaopendwa unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa: moshi wa silinda za upande mmoja hufika kwenye turbo kwa kupishana. STI za soko la Japani kuanzia karibu 2003 zina mabomba yenye urefu sawa na turbo ya njia mbili, ndiyo maana hazingurumi. Turbo hiyo huamka mapema sana, na ndiyo fahari ya injini yenyewe. Kisha mtu anayang'oa mabomba yale na kufunga ya urefu tofauti ili wapita njia wageuke. Amelipia turbo bora na kuizima kwa hiari yake. Filta ya wazi nayo: kompyuta inajua hewa iliyoingia kupitia sensa iliyo kwenye bomba la filta, na hesabu yake imefungwa kwenye kipenyo cha bomba hilo. Badilisha kipenyo bila kubadilisha ramani, sensa itasoma hewa pungufu, petroli itapimwa pungufu, na mchanganyiko mkavu huleta ugongaji uleule. Zaidi ya hapo, filta ya wazi hunyonya hewa ya moto ya ndani ya boneti. Vali ya "pshh" inatupa nje hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu, hivyo kwa muda mfupi injini inamiminiwa petroli ya ziada na kutoa moshi mweusi. Nguvu haiongezeki hata kidogo.

Mkanda wa taiming ubadilishwe kwa kilomita 100,000, au papo hapo kama gari limekuja bila rekodi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Usinunue mkanda peke yake: kinachotangulia kufa mara nyingi ni puli za kupitishia au tensheni, kwa hiyo chukua seti nzima pamoja na pampu ya maji na sili za mbele. Mambo mawili mtazame fundi akiyafanya. Kwanza, alama sahihi ya puli ya krankishafti ni mstari mdogo ulio kwenye jino la nyuma yake. Ule mshale unaoonekana vizuri usoni hautumiki hapo, na umeshaharibu valvu nyingi. Pili, mkanda ukitoka, kamshafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi za valvu na zinaweza kuruka zenyewe. Zishikwe kwa kifaa na zizungushwe taratibu, moja moja. Fundi ambaye hana habari ya mambo haya mawili, mshukuru na uondoke na gari lako. Spea za mtumba za Kirinyaga Road au Ilala zinafaa sana kwa taa, milango na bampa. Tensheni ya mtumba, hapana.

Matairi yote 4 yawe ya aina moja na yaliyolika sawa. Magurudumu yote yanavuta, na tofauti ndogo ya mzunguko hufanya difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ifanye kazi muda wote, hata barabara iliyonyooka. Tofauti isizidi milimita 6 za mzingo. Tairi moja likipasuka huku mengine yamelika nusu, kununua moja jipya ni kuitafuta difu. Kuhusu rimu, STI hadi 2004 ina boliti 5x100 (boliti 5 kwenye duara la milimita 100), na kuanzia 2005 ni 5x114.3, jambo ambalo wauzaji wa rimu hupenda kulisahau.

Breki ni rahisi: diski za mbele za milimita 326 huanza na unene wa 30 na kustaafu zikifika 28, mafuta ya breki ya DOT 4 kila mwaka kama unateremka milima. Oili ya giaboksi ya gia 6 ni kama lita 4, 75W-90 GL-5. Thamostati nunua ya kiwandani, kwa kuwa za bei nafuu huchelewa kufunguka na gasketi ndizo zinazolipa.

Yote haya yakikamilika na geji ikakaa mwezi mzima bila kukushtua, fungua mkoba wa nguvu. Utaratibu ninaoukubali ni huu: bomba la chini la turbo lenye upana wa inchi 3, pampu ya petroli yenye uwezo zaidi, kisha ramani mpya siku hiyohiyo, si "wiki ijayo nikipata nafasi". Bomba pana bila ramani hupandisha presha ya turbo kuliko inavyotakiwa. Kama pesa ya ramani bado haijapatikana, bomba likae kwenye boksi lake.