Chumba cha joto kisichouliza kitambulisho

Novemba 2022 mambo mawili yaligongana Uingereza. Huko Rochdale, ofisa mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Desemba 2020, aliuawa na kuvu iliyotanda kwenye kuta za nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa ameanza kuilalamikia kuvu hiyo kabla mtoto hajazaliwa. Majira hayohayo, mji kwa mji, maktaba na kumbi za makanisa zilikuwa zikibandika milangoni matangazo ya chumba cha joto: karibu ndani, kuna joto, hakuna kiingilio.

Yaweke hayo mawili pamoja, utapata hoja nzima ya watu wasiopenda vyumba vya joto. Mtu anauguzwa na nyumba anayolala, nawe unamwita maktaba akaote hita mpaka saa kumi na moja jioni, kisha unazima taa na kumrudisha kulekule kwenye kuta zilizolowa. Baridi inayoumiza ni ya usiku. Anayeihitaji zaidi hiyo hita ni bibi wa miaka themanini na tano aliye ghorofa ya tatu, ambaye hawezi kushuka ngazi, sembuse kutembea juu ya barafu hadi kituo cha basi. Tena, wanasema, chumba hicho kinaipa serikali kuu pa kujifichia. Waziri akiulizwa kwa nini nchi tajiri ina watu wanaotetemeka majumbani mwao, anaoneshwa picha ya wazee wakicheza karata karibu na hita, na mjadala unaishia hapo. Kilichokuwa haki ya mtu kwake kinageuka fadhila ya kwa watu.

Sina ugomvi na hoja hizo. Nyumba za Uingereza ni kuukuu, nyingi zimejengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna kikombe cha chai kitakachoziba ufa wa dirisha. Ila naona wenye hoja hizo wanakihukumu chumba kama dawa iliyoshindwa kutibu nyumba. Sidhani kama hiyo ndiyo kazi yake.

Baridi ya Uingereza, kiserikali, inaendeshwa kwa sifuri. Kuna malipo ya pauni 25 wanayopewa baadhi ya watu walio kwenye misaada ya serikali, lakini hutoka pale tu wastani wa joto la eneo lao unapokuwa nyuzi sifuri au chini yake kwa siku saba mfululizo, kati ya 1 Novemba na 31 Machi. Wanaolala barabarani hufunguliwa malazi ya dharura ubashiri ukionesha sifuri. London usiku mmoja unatosha. Zamani ilikuwa desturi kungoja ubashiri wa siku tatu mfululizo, kana kwamba mtu anaganda kwa awamu. Malori yanayomwaga chumvi barabarani ili barafu isishike nayo hutoka saa tisa usiku pale uso wa lami unapotarajiwa kukaribia sifuri.

Kwa lori, sifuri ina maana yake, kwa kuwa hapo ndipo maji huganda. Lakini mwili wa mtu si dimbwi la barabarani. Mamlaka za afya za nchi hiyohiyo zimekuwa zikieleza, katika mipango yao ya kukabili baridi, kwamba madhara huanza joto la nje likiwa kati ya nyuzi 4 na 8. Na kwa kuwa siku za namna hiyo ni nyingi kuliko siku za theluji, sehemu kubwa ya maradhi na vifo vya baridi huangukia humo, kwenye siku za kijivu zisizopigwa picha. Damu inakuwa nzito, presha inapanda, kifua kinabana. Ndani ya nyumba ushauri wao ni angalau nyuzi 18.

Hizo nyuzi 4 hadi 8 zimenikaa kichwani tangu nizisome. Chukua nyuzi 6, kwa mfano. Friji ya jikoni haina tofauti kubwa na hapo. Wiki nzima ya nyuzi 6 haifungui mfuko wowote: zile pauni 25 hazitoki, malazi ya dharura hayafunguliwi, na mtangazaji wa hali ya hewa anasema wiki itakuwa tulivu. Katika wiki hiyo tulivu kuna mzee mwenye mita ya kulipia kabla, LUKU ya kwao tuseme, anayetazama senti zinavyoteremka na kuizima hita kwa mkono wake. Hakukatiwa umeme na mtu. Amejikatia mwenyewe, na anayejikatia mwenyewe ni vigumu kuhesabiwa.

Chumba cha joto hufunguliwa Jumanne kwa sababu ni Jumanne. Hakingoji sifuri.

Na sifuri ni mstari mmoja tu katika mingi. Julai 2024 waziri wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba ruzuku ya kuwashia joto waliyokuwa wakipewa wastaafu wote tangu 1997, iliyokuwa imefikia pauni 200 au 300, sasa wangepewa tu walio kwenye nyongeza ya pensheni ya wenye kipato kidogo (Pension Credit) na misaada mingine ya aina hiyo. Waliokuwa wakiipata walikuwa karibu milioni 10.8, wakabaki kama milioni 1.5. Upande wa serikali ulikuwa na mantiki: kwa nini kodi ya mbeba maboksi iende kumpashia joto mstaafu tajiri? Tatizo ni pale ulipochorwa mstari. Serikali yenyewe ilikuwa ikikadiria kwamba kaya takriban 880,000 zenye haki ya nyongeza hiyo ya pensheni hazikuwa zikiichukua: fomu ndefu, aibu, kutojua, au kiburi cha mtu aliyefanya kazi miaka arobaini. Hao walikosa mara mbili. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kuchora mstari mpya kwenye kipato cha pauni 35,000 kwa mwaka. Kati ya Julai ile na Juni hii kulikuwa na baridi moja nzima, na wengi waliipitia wakiwa nje ya mstari.

Kwa Waswahili wengi wa Uingereza kuna mstari mwingine, ambao hauyumbi. Viza nyingi za kazi, za masomo na za wenza zina sharti la kutogusa misaada ya umma: posho ya kodi ya nyumba, posho za kipato, hata punguzo la kodi ya halmashauri. Kodi yenyewe unailipa. Tangu Februari 2022, njia ya viza ya afya na uangalizi ilipofunguliwa kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa, Waafrika wengi waliingia kwa mlango huo, wakiwemo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania. Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Kwa hiyo unaweza kumkuta dada anayemvisha soksi mzee wa watu kwenye sebule yenye nyuzi 22, kisha anarudi kwenye chumba chake cha kupanga ambako mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo wa hita. Sheria inamruhusu kulipa na kumkataza kuomba.

Maktaba haimo kwenye orodha ya misaada aliyokatazwa. Hata chumvi ya barabarani haimo.

Nilikaa kwenye chumba kimoja cha namna hiyo Januari moja, katika mji wa katikati ya Uingereza, nikitazama nani anaingia. Kulikuwa na mzee wa Kiingereza anayesoma gazeti huku koti amelivaa, akiwa na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, ingawa chai ya bure ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Hakutaka aonekane amekuja kuomba. Kulikuwa na vijana wawili wanaochaji simu. Kulikuwa na dada wa Kikenya aliyetoka zamu ya usiku, beji bado shingoni, amelala akiwa ameketi wima kama mlinzi. Mkutubi alipita na karatasi akaweka vistari vinne. Hilo ndilo swali pekee lililoulizwa mle ndani, nalo halikuulizwa kwa mdomo: ninyi ni wangapi? Wafadhili wanataka hesabu.

Hapo ndipo hadithi inayopendwa sana mitandaoni inaponitatiza. Wanasema jamii inafanya kazi, halmashauri imelala. Padre anasifiwa, msikiti uliogawa supu unasifiwa, na halmashauri inabaki kuwa ile inayoleta barua za kodi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ukifuatilia fedha, mara nyingi utakuta umeme wa ule ukumbi wa kanisa umelipwa na ruzuku ndogo iliyopitia halmashauri, kutoka Mfuko wa Kusaidia Kaya ulioanza Oktoba 2021. Kwa mwaka 2025 hadi 2026 mfuko huo uliipa England pauni milioni 742, na kila halmashauri ikachagua namna ya kuzigawa: vocha za chakula, kujaza mita, mablanketi, au kuwalipia wanaofungua milango. Watu wa kujitolea ni wakweli, na wanachoka kweli. Lakini anayelipia bima ya ukumbi, anayemkagua mtu kabla hajakabidhiwa wazee, anayejua mtaa upi una wagonjwa wa kifua wengi, huyo kwa kawaida ana kitambulisho cha halmashauri shingoni.

Mfano ninaoupenda ni pipa la chumvi la kona. Halmashauri huweka pipa, hulijaza kabla ya Desemba, basi. Malori yake hayafiki vichochoroni. Hupita barabara kuu, njia za mabasi, njia za hospitali. Waliobaki wachote wenyewe. Nimepita asubuhi za giza kwenye njia za miguu zilizoganda kama sahani ya kioo, pipa limejaa hadi juu na hakuna aliyeligusa. Nikauliza. Jirani akaniambia ukisafisha mbele ya nyumba yako na mtu akateleza, atakushtaki. Serikali ina mwongozo wa theluji unaosema hilo ni jambo lisilotarajiwa kutokea, lakini hofu imeshazoeleka. Halmashauri ilikuwa imefanya sehemu yake, na jamii ndiyo haikutokea. Hilo halipigwi picha.

Nikubali jambo moja kwa uzito wake wote: Mfuko wa Kusaidia Kaya umeendeshwa kama mtu anayenunua sukari ya kupima. Muda wake ulikuwa ukiongezwa vipande vipande. Mwaka 2024, wakati ungekwisha 31 Machi, nyongeza ya miezi sita ilitangazwa kwenye bajeti ya 6 Machi. Siku ishirini na tano kabla ya kikomo, mratibu wa chumba cha joto hajui kama ana kazi. Huwezi kumjengea mzee mazoea ya kutoka nyumbani kila Jumanne kwa fedha za namna hiyo, na mazoea ndiyo nusu ya faida. Mzee akikosekana Jumanne mbili, mtu anampigia simu.

Fedha zenyewe ni chache, hilo halina ubishi. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham, ambayo ni miongoni mwa halmashauri kubwa kabisa Ulaya, ilitangaza kuwa haiwezi kusawazisha vitabu vyake. Nottingham ikafuata Novemba. Birmingham ilipandisha kodi kwa karibu asilimia 10 mwaka uliofuata, na saa za kufungua maktaba zikaingia kwenye orodha ya vitu vya kupunguzwa. Wakosoaji husema: unaona, badala ya kupoteza senti za mwisho kwenye vyumba, ziende kwenye kuta za watu. Ingekuwa hivyo ningekaa kimya. Lakini senti inayookolewa kwa kufunga maktaba haiendi kwenye ukuta wa mtu. Inamezwa na kazi ambazo sheria inazilazimisha: uangalizi wa wazee na walemavu, watoto walio mikononi mwa halmashauri, familia zilizo kwenye malazi ya muda.

Na kuta zina njia yake. Sheria iliyopewa jina la Awaab ilianza kufanya kazi England Oktoba 2025, ikiwabana wenye nyumba za jamii, yaani halmashauri na vyama vya nyumba, kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda maalumu. Imeanzia kwao; wapangaji wa watu binafsi, ambamo ndimo wahamiaji wengi walimo, bado wanangoja zamu yao. Ninaiunga mkono bila kigugumizi. Sioni tu ni vipi mpangaji huyo anasaidiwa, wakati anangoja, kwa kuambiwa kwamba chumba chenye hita ni aibu ya taifa.

Mfuko wa Kusaidia Kaya ulipangiwa kurithiwa Aprili 2026 na mfuko mpya wa dharura na ustahimilivu, unaotolewa kwa miaka kadhaa badala ya miezi sita sita. Hilo litamsaidia yule mratibu. Ila sheria ya barabara ya 1980 inazitaka halmashauri zizuie barafu isihatarishe wapitao, kadiri inavyowezekana, na hakuna sheria kama hiyo kwa chumba cha joto. Sheria ya maktaba ya 1964 inataka huduma kamili na yenye ufanisi bila kutaja saa. Kila mwaka, kabla ya 11 Machi, madiwani lazima wawe wamepitisha kodi na bajeti. Katika kurasa hizo, mara nyingi chumba cha joto hakina mstari wake. Kimejificha ndani ya saa za maktaba. Diwani atakayeondoa saa mbili za Jumanne hataandika kwamba amekifunga. Ataandika kwamba saa zimepunguzwa.